Mwongozo Huanzia Pale Mtumiaji Anapokwama

Mwaka 2024 mamilioni ya wateja wa umeme wa kulipia kabla, Tanzania, Kenya na kwingineko, walikabidhiwa kazi ya fundi. Mita zao hufuata kiwango cha kimataifa kilichokuwa kikihesabu muda kwa dakika kuanzia mwaka 1993, na nafasi ya kutunzia hesabu hiyo ilikuwa inajaa tarehe 24 Novemba 2024. Mita ambayo isingekuwa imeboreshwa kufikia siku hiyo isingepokea tena umeme mpya. Kumtuma fundi kwenye kila mlango hakukuwezekana, kwa hiyo kazi akapewa mwenye nyumba. Aliyenunua umeme wake kama kawaida alijikuta na mafungu matatu ya tarakimu 20 badala ya lile moja alilolizoea. Mawili ya kwanza yalikuwa ya kuiboresha mita, la tatu ndilo lenye uniti. Yaani tarakimu 60, kwa mpangilio wake, na kwa wengine usiku, umeme ukiwa umeshakatika na tochi ya simu ikiwa mkono wa pili.

Hatua zenyewe ni fupi na zinaingia kwenye ujumbe mmoja wa simu: ingiza la kwanza, thibitisha, ingiza la pili, thibitisha, ingiza la tatu. Hakuna mhandisi atakayezipinga. Lakini fikiria maswali yanayomkuta mtu aliyesimama mbele ya mita. Amekosea tarakimu moja katika fungu la pili: arudie hilo hilo, au aanze tena na la kwanza? Rimoti ya kuingizia namba imezimika katikati kwa sababu betri zimechoka: yale aliyokwisha kuyaingiza yamehesabiwa? Na yule aliyenunua umeme juzi akauacha kwenye simu kama akiba, je? Huyu wa mwisho ndiye aliye hatarini kuliko wote, kwa kuwa mita ikishaboreshwa haizikubali tena namba zilizotolewa kabla ya hapo. Onyo hilo likiwekwa chini ya hatua ya tatu litasomwa na mtu ambaye fedha yake imeshapotea, au walau ameshajinunulia safari ya kwenda ofisini kuidai. Linatakiwa kusomwa kabla kidole hakijagusa kitufe cha kwanza.

Hapo ndipo ilipo kazi ya mwandishi wa miongozo, na ndiyo hoja ninayotaka kuitetea mbele ya kijana anayefikiria kuifanya kazi hii, au aliyetupiwa na mwajiri wake kwa sababu tu anajua kuandika. Mwongozo unaomjali mtumiaji huandikwa kuanzia pale anapokwama, kisha hurudi nyuma hadi hatua ya kwanza. Anayeanza na kifaa ataandika kila kitu kilichomo: vitufe, menyu, taa na sehemu zake, sura kwa sura, kwa mpangilio ambao kiwanda kiliviunganisha. Kitabu kitakuwa kamili, na kitakaa kabatini. Anayeanza na mkwamo hulazimika kwanza kujua mtu huyu anataka kumaliza nini, yuko wapi, ameshika nini mkononi, na ni kosa gani atalifanya kabla ya lingine. Maswali hayo hayajibiwi kwa kuandika vizuri. Yanajibiwa kwa kwenda kutazama, na ndiyo maana sehemu kubwa ya kazi hii hufanyika mbali na kompyuta.

Ushahidi wa hoja hii una miaka zaidi ya arobaini. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 John Carroll na wenzake, katika kituo cha utafiti cha kampuni ya IBM nchini Marekani, waliwatazama watu wa kazi za ofisini wakijifunza kutumia mashine za kuandikia nyaraka, ambazo wakati huo zilikuwa ngeni kabisa. Vitabu walivyopewa vilikuwa vimeandaliwa kwa uangalifu: utangulizi, muhtasari, mazoezi kuanzia jepesi hadi gumu. Wajifunzaji hawakuvifuata. Waliruka utangulizi, wakabonyeza vitufe kabla ya kuambiwa, wakaacha zoezi katikati ili wajaribu jambo lao wenyewe. Walipokosea walijikuta mahali ambapo kitabu hakikupataja kabisa, kwa kuwa kiliandikwa kwa dhana kwamba kila hatua itafuatwa. Ilikuwa rahisi kuwaita wavivu. Carroll aliona jambo jingine: mtu mzima mwenye kazi ya kufanya husoma huku akifanya, kipande kwa kipande, na kukosea ni sehemu ya kawaida ya kujifunza kwake. Miongozo aliyoiandika upya ilikuwa myembamba, iliingia kwenye kazi halisi tangu mwanzo, na ilitoa nafasi kubwa kwa jinsi ya kulitambua kosa na kujinasua. Walioitumia walijifunza kwa muda mfupi zaidi kuliko waliopewa vitabu vinene. Mwaka 1990 aliyakusanya hayo katika kitabu The Nurnberg Funnel, jina lenye kejeli kidogo, maana linatokana na dhana ya zamani ya Wajerumani kwamba elimu inaweza kumiminwa kichwani kwa faneli.

Pale mwongozo unaponyamaza kuhusu kosa, mtumiaji hujitungia maana yake. Mfano mchungu kuliko yote ninayoijua ni wa Therac-25, mashine ya mionzi ya kutibu saratani iliyotengenezwa Kanada. Kati ya mwaka 1985 na 1987 wagonjwa sita wanaojulikana, Marekani na Kanada, walipigwa mionzi iliyopita kiasi kwa mbali, na angalau watatu kati yao wakafa. Chanzo kilikuwa ndani ya programu yenyewe, na katika uamuzi wa kuondoa vizuizi vya kimakanika vilivyokuwa kwenye mashine zilizotangulia. Itakuwa uongo kuubebesha mwongozo lawama hiyo. Lakini mtazame opareta. Kioo kilimwonyesha neno la hitilafu na namba, kwa mfano 54, basi. Mwongozo aliopewa haukueleza namba hizo zina maana gani. Tena mashine ilikuwa na tabia ya kusimamasimama kwa hitilafu ndogo, na kitufe kimoja kilitosha kuiendeleza. Uzoefu, mwalimu pekee aliyekuwapo, ukamfundisha kwamba ujumbe wa hitilafu maana yake ni bonyeza uendelee. Mwandishi ambaye angeketi naye zamu moja tu angerudi kwa wahandisi na swali la kitoto: hiyo 54 ni nini, na mtu akiiona afanye nini? Siwezi kusema swali hilo lingeokoa maisha. Ninachoweza kusema ni kwamba lingemlazimu mtu fulani kulijibu kwa maandishi.

Basi kabla ya kuandika sentensi yoyote, tafuta mikwamo. Mingi imeshakusanywa na watu ambao hakuna anayewauliza. Dada wa dawati la huduma kwa wateja anajua ni swali lipi hupigiwa simu kila Jumatatu asubuhi. Wakala wa pesa kwa simu anajua ni hatua ipi humfanya mteja amkabidhi simu na kusema, "Nisaidie hapo." Fundi anayeitwa nyumbani anajua ni kifaa kipi huitwa kibovu kumbe hakijawashwa sawasawa, na muuzaji wa duka la dawa anajua ni karatasi ipi huishia kufungiwa vitu vingine. Nenda kwao na swali moja: watu hukwama wapi? Usiwaulize nini kiwekwe kwenye mwongozo, maana hapo watajaribu kukusaidia kuwa mwandishi na utapoteza kile ulichokifuata.

Kisha mkalishe mtumiaji mwenyewe mbele ya kifaa na rasimu yako, mpe kazi ya kumaliza, na unyamaze. Hili la kunyamaza ni gumu kuliko linavyosikika. Mkono wako utataka kuelekeza, na ukishaelekeza jaribio limekwisha. Tazama kidole kinasita wapi, macho yanarudi mstari upi, sauti inabadilika lini. Na usithubutu kuuliza, "Umeelewa?" Kwa adabu zetu jibu ni "ndiyo", hasa kama anayeuliza ni kijana mwenye kompyuta na anayejibu ni mtu mzima asiyetaka kumvunja moyo. Ukiwa na mama wa makamo, mwamkie kwanza, kisha mweleze wazi: "Mama, leo tunaupima mwongozo, wewe hatukupimi. Ukikwama, kosa ni la karatasi." Maneno hayo hubadilisha kikao chote. Atakayeuliza unahitaji watu wangapi ajue kwamba Jakob Nielsen, mtaalamu wa masuala haya, amekuwa akisisitiza kwa miaka mingi kwamba watu watano hutosha kuonyesha sehemu kubwa ya kasoro. Wenzake wamempinga, nami naona wana hoja: watano wa aina moja watakuonyesha mikwamo ya aina moja. Mwenye kitochi na mwenye simu janja hawakwami mahali pamoja. Lakini mjadala huo usikucheleweshe. Miongozo mingi inayotoka haijatazamwa hata na mtu mmoja.

Ukirudi kuandika, mikwamo uliyoiona ndiyo itakayokupa vichwa vya sehemu. Mtu aliyekwama hatafuti "Usimamizi wa Tokeni". Anatafuta "Umeme umekataa kuingia". Kichwa kiandikwe kwa maneno aliyoyatamka yeye pale alipokwama, hata kama ofisini yataonekana hayana suti. Sharti litangulie tendo: "Taa ikiwa nyekundu, zima swichi," kwa sababu anayesoma "Zima swichi iwapo taa ni nyekundu" ameshaizima alipofika katikati ya sentensi. Kila hatua iwe na tendo moja, na baada ya tendo mwambie atakachokiona, maana hiyo ndiyo njia yake ya kujua kama bado yuko barabarani. Jina la kitufe liandikwe kama lilivyo kwenye kioo. Kama kitufe kimeandikwa Enter, nawe ukaandika "bonyeza Thibitisha", umemtuma atafute kitu kisichokuwapo. Kitaje kama kinavyoonekana, ndipo ueleze kazi yake. Waandishi wa miongozo ya matengenezo ya ndege wana kanuni zao za kimataifa, ASD-STE100, ambazo hutaka sentensi ya maelekezo kwa Kiingereza isizidi maneno 20. Kwa Kiswahili ningeshuka zaidi. Kitenzi chetu kimoja hubeba mtendaji, wakati, mtendwa na wakati mwingine ukanushi, hivyo maneno yetu 20 ni mzigo mkubwa kuliko ya wenzetu.

Mikwamo mingine haimo kwenye kifaa, imo nyumbani. Pakiti ya kawaida ya ORS, dawa ya anayeharisha, inataka lita moja ya maji safi. Jikoni hakuna lita. Kuna kikombe, jagi, sufuria na chupa. Maji yakipungua sana chumvi inamzidi mtoto, yakizidi sana dawa inapoteza nguvu, kwa hiyo kipimo si jambo la kuachiwa makisio. Chupa tupu ya maji ya dukani ya lita moja, au mbili za nusu lita, hulimaliza tatizo kwa mstari mmoja. Au chukua dawa mseto ya malaria. Dozi ya pili humezwa baada ya kupita saa nane tangu ile ya kwanza. Andika "dozi ya pili: saa 8" na kuna mzazi atakayesubiri mpaka mkono wa saa ufike saa nane, mchana au usiku. Mtoto aliyemeza saa nne asubuhi anatakiwa kumeza tena saa kumi na mbili jioni, na mwongozo wenye akili huacha nafasi tupu ili mtoa dawa aandike saa hiyo kwa mkono wake, mzazi akitazama. Na mtoto akitapika dakika chache baada ya kumeza? Swali hilo huulizwa usiku, zahanati imefungwa. Kama jibu haliko juu ya karatasi mahali panapoonekana, karatasi hiyo imeandikwa kwa ajili ya faili.

Pingamizi la kwanza utakalokutana nalo litatoka kwa mhandisi, na la pili kwa mwanasheria, nayo ni ndugu. Mmoja atasema umeacha mambo ya kweli. Mwingine atasema umeacha maonyo. Wasiwasi wao si wa kijinga. Taarifa za usalama haziachwi, na kiwango cha kimataifa cha kuandaa maelezo ya matumizi, IEC/IEEE 82079-1, kinazidai. Lakini kuwa kamili na kuwa kwenye ukurasa mmoja ni mambo mawili tofauti. Daniele Procida, mtaalamu wa nyaraka za programu, amegawa maandishi haya katika aina nne: somo la kumfundisha anayeanza, maelekezo ya kumaliza kazi fulani, orodha ya marejeo, na ufafanuzi wa kwa nini mambo yako hivyo. Ugomvi mwingi wa ofisini huisha ukimwonyesha mhandisi kwamba jedwali lake la vipimo lina kurasa zake kwenye marejeo, kamili bila kupunguzwa, na kwamba halina kazi katikati ya hatua ya tano. Kwa mwanasheria hoja ni nyingine. Maonyo thelathini yaliyorundikwa ukurasa wa mbele yanailinda kampuni kwenye makaratasi, lakini hakuna anayeyasoma. Onyo moja lililowekwa mstari mmoja kabla ya tendo la hatari linamlinda mtu. Mwambie unataka yote mawili, na kwamba la pili si la hiari.

Pingamizi zito zaidi ni hili: kifaa kizuri hakihitaji mwongozo, kwa hiyo fedha ziende kwa wabunifu. Nusu yake nakubaliana nayo. Mara nyingi jambo bora ambalo mwandishi hurudi nalo kutoka kwa watumiaji ni ombi la kubadilisha kifaa, na mwandishi asiyeruhusiwa kulitoa anatumika kupaka rangi ukuta wenye ufa. Tazama shida ya kutuma pesa kwa namba isiyo sahihi. Kenya, mteja wa M-Pesa aliyekosea namba anaweza kuupeleka ule ujumbe wa muamala kwenda 456 kuomba arejeshewe. Hatua moja, kwa kitu ambacho tayari kiko mkononi mwake, wakati moyo unamwenda mbio. Hakuna ukurasa wa maelekezo, hata uandikwe na bingwa, unaoweza kushinda hilo. Lakini angalia: mtu huyo bado anahitaji kuambiwa kwamba 456 ipo, na kwamba kuomba si sawa na kurejeshewa, maana aliyepokea akiwa ameshazitoa mambo hubadilika. Ubunifu hupunguza idadi ya mikwamo. Ile inayobaki ni ile migumu, inayohusu fedha, afya na makosa yasiyorudi nyuma, na hapo ndipo maneno yanapohitajika zaidi.

Wengine husema watu wetu hawasomi, huuliza. Ni kweli, na ni taarifa muhimu kuliko lawama. Kama kijiji kizima humwuliza wakala mmoja, au mtoto wa darasa la saba, basi huyo ndiye msomaji wako, na mwongozo uandikwe ili aweze kuusoma kwa sauti huku mwingine akibonyeza. Sentensi fupi zenye tendo moja husomeka kwa sauti. Aya ndefu haisomeki. Video nazo husaidia kwa kazi za mikono, lakini zinakula bando, na aliyekwama kwenye hatua ya sita hataki kutazama tena tano zilizotangulia.

Upo pia upinzani wa wajuzi, kwamba maelekezo rahisi ni dharau kwao. Jibu liko Ifakara. Orodha ya Shirika la Afya Duniani ya usalama wa upasuaji, yenye vipengele 19, ilijaribiwa katika hospitali nane za miji kama Seattle, London, New Delhi na Ifakara mkoani Morogoro. Vipengele vyake hakuna daktari asiyevijua: thibitisha mgonjwa ni nani, thibitisha ni upande upi unapasuliwa, hesabu vifaa kabla ya kumtoa mgonjwa chumbani. Matokeo yaliyochapishwa Januari 2009 yalionyesha vifo vikishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Mjuzi hakwami kwa kutojua. Hukwama kwa kusahau, kwa uchovu, kwa kudhani mwenzake ameshafanya, na mwongozo wake unatakiwa kulenga hapo. Lakini hadithi hii ina upande wa pili ambao waandishi wa miongozo hawapendi kuusimulia. Mwaka 2014 utafiti wa hospitali 101 katika jimbo la Ontario, Kanada, haukuona mabadiliko ya maana baada ya orodha kama hizo kuanza kutumika. Watafiti wanabishana kwa nini. Usomaji wangu ni kwamba karatasi iliyoshushwa kwa amri hujazwa kwa amri: vyema vinawekwa, na kazi inaendelea kama jana. Kama watu wa zamu hawakushirikishwa kutafuta wanapokwama, orodha inakuwa ya mtu mwingine.

Siku hizi pingamizi linalowatisha vijana ni akili mnemba. Programu hizo hutoa mwongozo wa kurasa kumi kwa muda wa kunywa kahawa, sarufi safi, vichwa vimepangwa. Kwa nini mwajiri akulipe? Tazama mwongozo huo unaanzia wapi. Unaanzia kwenye maandishi mengine, kwa kuwa maandishi ndiyo chakula chake, na mkwamo wa mtu aliyesimama mbele ya mita na rimoti iliyozimika mara nyingi haujaandikwa popote. Tena programu hizi zina tabia ya kutaja kwa ujasiri kitufe ambacho kwenye kifaa chako hakipo. Zitumie kwa kazi zinazokuja baada ya kutazama: kufupisha rasimu, kusaka hatua mbili zinazopingana, kuandaa toleo la ujumbe mfupi wa simu. Halafu fuata kila hatua kwa mkono wako kwenye kifaa halisi, toleo lile lile alilonalo mteja. Ambaye kazi yake ilikuwa kugeuza maelezo ya wahandisi kuwa sentensi nadhifu, kweli ana sababu ya kuogopa. Ninachosikitikia ni kwamba wengi waliajiriwa kwa hilo tu.

Kuhusu kuingia kwenye kazi hii, shahada si kizuizi kikubwa kama watu wanavyodhani, na uhaba wa kazi za kufanya haupo. Pampu za maji za sola, pawatila, mashine za kukamua alizeti na za kutotolesha vifaranga huingia nchini na vitabu ambavyo mnunuzi hawezi kuvitumia, na muuzaji hupoteza muda kuwajibu wateja wale wale maswali yale yale. Muuzaji huyo ni mteja wako, hata kama hajui. Kwa upande wa kompyuta, miradi ya programu huria hupokea michango ya nyaraka kutoka kwa yeyote, na jumuiya ya Write the Docs, iliyoanza kwa mkutano wa Portland, Marekani, mwaka 2013, huwakutanisha watu wa kazi hii duniani. Sampuli ya kumwonyesha mwajiri usiitafute mbali. Chukua mwongozo mmoja mbaya wa kitu kinachotumiwa mtaani kwenu, watazame watu wachache wakiutumia, andika walipokwama, uandike upya, uwajaribishe wengine. Kisha weka mezani vyote: wa zamani, orodha ya mikwamo, na mpya. Wengi huleta karatasi nzuri ya mwisho peke yake. Orodha ya mikwamo ndiyo itakayomfanya meneja aache kutazama simu yake, kwa sababu humo ataona simu za malalamiko anazozilipia.

Na malipo. Ukikubali kulipwa kwa ukurasa umekubali kulipwa kwa unene, na kila sentensi utakayoifuta itakukata mfukoni. Pendekeza bei kwa kazi ambayo mtumiaji anatakiwa aweze kuimaliza: kuifunga pampu, kubadilisha chujio, kujua la kufanya maji yasipopanda. Ndani ya bei hiyo andika siku za kutazama, mara moja kabla ya rasimu na mara moja baada yake, na uzitaje kwa jina kwenye mkataba. Bajeti ikibana, mteja ataziondoa hizo kwanza akidhani ni za starehe. Punguza kurasa, punguza picha, ondoa hata jalada la rangi, lakini siku ya kwanza ya kutazama usiiuze. Na kama anang'ang'ania iondolewe, mwambie akupe basi simu ya huduma kwa wateja uipokee kwa wiki moja.